VISIWA VYA ZIWA ERIE: MALI YA WATU WOTE HUTUNZWAJE?

Msomaji aliyepata kusimama ukingoni mwa Ziwa Victoria, penye bandari ya Kisumu au ufukoni mwa Homa Bay, amekwisha kuona jinsi maji yanavyokwenda hata yakakutana na mbingu, na jinsi visiwa vinavyoinuka katikati yake kama migongo ya viboko. Huenda alijiuliza: Kisiwa kile ni cha nani? Maji haya ni ya nani? Na kitu kilicho cha watu wote, ni nani atakayekitunza?

Maswali hayo si yetu peke yetu. Katika somo la juma hili tutasafiri mbali, mpaka Amerika ya Kaskazini, tukalitazame ziwa jingine kubwa la maji matamu, yaani maji yasiyo na chumvi, pamoja na visiwa vyake. Watu wa huko wamejifunza mambo matatu juu ya mali ya watu wote: moja kwa jiwe, la pili kwa nyoka, na la tatu kwa maji yenyewe. Mengine waliyajifunza mapema. Mengine waliyajifunza baada ya hasara.

ZIWA LENYEWE

Katika nchi za Marekani na Kanada kuna maziwa makubwa matano yaliyofuatana kama shanga katika uzi: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Yote pamoja yana kadiri ya sehemu moja katika tano ya maji matamu yaliyo juu ya uso wa dunia, yasipohesabiwa yale yaliyoganda kuwa barafu. Kwa hesabu ya kawaida ya ukubwa wa eneo, Superior ndilo ziwa la kwanza la maji matamu duniani, na Victoria letu ndilo la pili.

Ziwa Erie ni dogo kuliko hayo mawili. Urefu wake ni maili 241, na upana wake, pale linapopanuka zaidi, ni maili 57. Eneo lake ni maili za mraba 9,900 hivi, yaani zaidi kidogo ya theluthi moja ya Ziwa Victoria. Maji huliingia kutoka Ziwa Huron kwa njia ya Mto Detroit, kisha hutoka kwa Mto Niagara, ambao huanguka katika maporomoko yale yaliyo mashuhuri, na kuingia Ziwa Ontario.

Lakini iko sifa moja ya Ziwa Erie ambayo msomaji aikumbuke vema, maana ndiyo itakayotufunulia mengi hapo mbele. Ziwa hili halina kina kirefu. Kwa wastani kina chake ni futi 62 tu; na upande wa magharibi wastani ni futi 24, hata kama mwembe mkubwa ungalisimamishwa juu ya sakafu ya ziwa, matawi yake yangaliweza kutokeza juu ya maji. Ziwa la namna hii hupata joto upesi wakati wa hari, huganda upesi wakati wa baridi, na pia huchafuka upesi. Basi visiwa tutakavyovizungumza vipo katika upande huo huo wa magharibi.

Mpaka wa Marekani na Kanada hupita katikati ya ziwa. Upande wa Kanada ndiko kiliko kisiwa cha Pelee, ambacho ni kikubwa kuliko vyote. Upande wa Marekani, katika jimbo la Ohio, kikubwa ni Kelleys Island, chenye ekari 2,800 hivi. Na karibu yake viko visiwa vitatu vinavyoitwa Bass: cha kusini, cha kati na cha kaskazini. Wakati wa joto wageni huvuka kwa kivuko kwa maelfu; wakati wa baridi hubaki wenyeji wachache tu, na ziwa linapoganda vivuko husimama, na ndege ndogo ndizo zinazowaletea barua na chakula.

HIFADHI YA JIMBO NI NINI?

Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina serikali yake, bunge lake na hazina yake. Kwa hiyo ziko hifadhi za namna mbili. Hifadhi ya taifa hutunzwa na serikali kuu ya nchi nzima. Hifadhi ya jimbo hutunzwa na serikali ya jimbo lenyewe. Jimbo la Ohio liliunda idara ya mali ya asili katika mwaka 1949, na kazi ya kuangalia hifadhi zake ikawekwa chini ya idara hiyo pamoja na mambo ya misitu, udongo, maji na wanyama wa porini.

Sisi tukisikia neno “hifadhi” huwaza mara moja juu ya ndovu na simba. Huko si lazima iwe hivyo. Hifadhi ya jimbo yaweza kuwa ufuko wa mchanga, au msitu mdogo, au uwanja wa kupiga hema. Katika Ohio mgeni haombwi kiingilio langoni. Hulipa tu akitaka kulala kambini au kupanga nyumba. Mtu afanyaye kazi kiwandani huweza kumchukua mke wake na watoto wake, akakaa siku mbili kando ya maji, bila kumwomba ruhusa mwenye shamba yeyote.

Kila kimoja cha visiwa vile vinne vya Ohio kina hifadhi ya jimbo. Katika Kelleys Island hifadhi ina ekari 677, karibu robo ya kisiwa. Katika South Bass ni ndogo mno, lakini habari zake zafaa kusimuliwa. Mahali pale ilijengwa hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 1892, ikaitwa Hotel Victory. Ilikuwa na vyumba 625, nayo ilihesabiwa kuwa miongoni mwa hoteli kubwa kabisa za nchi ile. Tarehe 14 Agosti 1919 ikashika moto, ikateketea. Leo watu wa kawaida hupiga hema zao katika uwanja huo, na masalio ya misingi ya hoteli bado yaonekana.

Ardhi ya hifadhi katika Middle Bass ilinunuliwa na jimbo mwaka 2000. Na mwishoni mwa mwaka 2003 jimbo likakata shauri kununua sehemu kubwa sana ya North Bass, kwa dola milioni 17 na zaidi, ili kisiwa kile kisije kikajaa majumba. Msomaji aliangalie vema neno hilo “kununua”. Ardhi iliyokwisha kuwa ya watu binafsi hairudi kuwa ya watu wote bure. Hulipiwa, na fedha hizo ni za wananchi.

SOMO LA KWANZA: JIWE

Zamani sana, yapata miaka 18,000 iliyopita, nchi zile zote zilifunikwa na barafu iliyoshuka kutoka kaskazini, unene wake maelfu ya futi. Barafu hiyo haikutulia. Ilisogea polepole, ikibeba chini yake mawe na mchanga, ikisugua mwamba kama msasa wa seremala usuguavyo mbao. Hata katika nchi yetu barafu ya Mlima Kenya ilifanya kazi ya namna hiyo, ikachimba mabonde yaliyo karibu na vilele. Lakini huko Ohio ilikwangua nchi tambarare, na mashimo iliyoyaacha yakajaa maji, yakawa maziwa.

Katika Kelleys Island barafu ilichora mwamba wa chokaa mifereji mirefu, laini, iliyopindapinda kana kwamba fundi aliichonga kwa patasi. Mfereji mkubwa uonekanao leo una urefu wa futi 400 hivi na upana wa futi 35, na mtu mzima akisimama ndani yake hazidi kingo kwa kimo. Ndani ya mwamba wenyewe yaonekana mabaki ya viumbe vya bahari, kwa kuwa mamilioni ya miaka kabla ya barafu pale palikuwa na bahari yenye joto.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwamba wa chokaa ni mali. Hufaa kwa kujengea nyumba, huchomwa kuwa chokaa, na hutiwa katika tanuri za kuyeyushia chuma. Kwa hiyo katika karne ya 19 machimbo makubwa yalifunguliwa katika kisiwa. Watu walipata kazi, miji ya pwani ikapata mawe, na hakuna awezaye kulaumu kazi ya halali. Lakini mifereji iliyokuwa mirefu kupita huu wa leo ilivunjwa kwa baruti, ikapakiwa melini, ikauzwa. Wataalamu walipaza sauti wakisema kwamba mahali kama pale ni nadra duniani. Mwisho wake kipande kilichosalia kikatolewa kiwe cha watu wote. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 udongo na vifusi viliondolewa, mfereji ukaonekana kwa urefu wake wote. Umezungushiwa uzio, wageni huutazama kutoka njia iliyotengenezwa kando, wala hawaukanyagi.

Machimbo yale ya zamani yangalipo jirani, yamejaa miti na maji. Mtu akisimama kati ya machimbo na mfereji huona mambo mawili kwa mara moja: upande huu jiwe lililouzwa mara moja likaisha, upande huu jiwe lililobaki, ambalo kila mwaka huleta wageni na wageni huleta fedha kwa wenye vivuko, maduka na nyumba za kulala. Jiwe lililovunjwa halishonwi kama nguo. Hilo ndilo somo la kwanza: kitu kisichoweza kurudishwa kitengwe kingali kizima.

MPAKA WA AMANI

Kabla ya kuendelea, tutazame kisiwa cha South Bass mara nyingine. Tarehe 10 Septemba 1813, wakati Marekani na Uingereza zilipokuwa vitani, merikebu za pande mbili zilipigana karibu na visiwa hivi, na Oliver Hazard Perry, jemadari wa Marekani, akashinda. Miaka minne baadaye, mwaka 1817, mataifa hayo mawili yakapatana kupunguza sana manowari katika maziwa hayo.

Karibu miaka mia baada ya vita, nguzo ya mawe yenye kimo cha futi 352 ilijengwa kisiwani. Chini ya sakafu yake wamezikwa maofisa watatu wa Marekani na watatu wa Uingereza, waliouana katika siku moja, nao wamelala pamoja. Mahali hapo hapatunzwi na jimbo, bali na serikali kuu, kwa sababu habari zake ni za taifa zima. Nayo hutukumbusha kwamba ziwa lenye mpaka katikati halitunziki kwa upande mmoja. Ndiyo sababu katika mwaka 1909 Uingereza, kwa ajili ya Kanada, na Marekani zilifanya mapatano juu ya maji ya mpakani, na baraza la pamoja likaundwa la kuamua mashauri yake.

SOMO LA PILI: NYOKA

Katika miamba ya visiwa hivi huishi nyoka wa maji ambaye rangi yake ni ya kijivu, kama mwamba anaoutandalia kuota jua. Hana sumu. Akishikwa huuma na kutoa harufu mbaya, lakini hamuui mtu. Chakula chake ni samaki na vyura. Hata hivyo, nani ampendaye nyoka? Wenye mashua walimpiga kwa makasia, waogaji wakamponda kwa mawe, na kingo za miamba alimojificha zikajengewa nyumba na magati. Hesabu yake ikapungua mno, hata mwaka 1999 serikali ya Marekani ikamtia katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Kazi iliyofuata haikuwa ya askari na faini pekee. Wataalamu walikwenda kila mwaka majini na miambani, wakamkamata nyoka mmoja mmoja, wakampima, wakamtia alama, wakamwachilia. Waswahili husema, “Mali bila daftari hupotea bila habari,” na hapa daftari liliwekwa. Watoto na wenye nyumba wakafundishwa kumtambua. Mbao za matangazo zikatundikwa kando ya maji kusema kwamba nyoka huyu akaribishwa. Sehemu za ukingo zikalindwa, pamoja na ardhi ya hifadhi za jimbo. Shabaha ilikuwa kupata nyoka wakubwa wasiopungua 5,555. Baada ya miaka kumi walikadiriwa kuwa karibu 12,000, na mwaka 2011 jina lake likafutwa katika orodha ile.

Liko jambo moja la ajabu katika habari hii. Samaki mdogo aitwaye gobi, mwenyeji wa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, aliletwa katika maziwa haya ndani ya maji yanayotiwa matangini mwa meli ili zisiyumbe. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1990, akazaana kupita kiasi, akawasumbua samaki wa asili. Lakini nyoka alimpenda. Leo zaidi ya sehemu tisa katika kumi za chakula chake ni gobi. Msomaji asidhani basi kwamba kuleta kiumbe kigeni ni jambo jema. Nyoka alibahatika, wengine hawakubahatika.

Somo la pili ni hili: watu huweza kumtunza hata kiumbe wasiyempenda, wakiisha kumfahamu.

SOMO LA TATU: MAJI

Hata hivyo uzio ulio kisiwani hauzuii maji. Katika miaka ya 1960 ilisemwa waziwazi kwamba Ziwa Erie limekufa. Miji mikubwa ilimwaga uchafu wake humo, viwanda vikamwaga mafuta na sumu, na sabuni za kufulia zilijaa fosforasi, ambayo ni chakula cha mimea. Ukoga wa kijani ulipata chakula hicho ukasitawi, ukafa, ukaoza, ukamaliza hewa ambayo samaki huivuta majini. Tarehe 22 Juni 1969, mafuta na takataka zilizoelea juu ya Mto Cuyahoga, katika mji wa Cleveland, zilishika moto. Mto ukawaka! Habari hiyo ilienea nchi nzima, watu wakaona haya.

Mwaka 1972 Marekani na Kanada zilitia sahihi mapatano ya kuyasafisha maziwa makubwa. Mitambo ya kusafishia maji machafu ikajengwa, fosforasi katika sabuni ikapunguzwa, na viwanda vikawekewa masharti. Hata miaka ya 1980 maji yalikuwa yametakata, na wavuvi wakafurahi tena.

Laiti habari ingaliishia hapo. Lakini tangu miaka ya kati ya 1990 ukoga ulianza kurudi, na safari hii chanzo kikubwa hakikuwa bomba la kiwanda. Kilikuwa shamba. Mto Maumee hupita katika nchi ya mashamba mengi, nao humwaga maji yake katika mji wa Toledo, upande ule ule wa magharibi ambako kina ni kidogo na visiwa viko. Mvua kubwa ikinyesha baada ya mkulima kumwaga mbolea au samadi, sehemu yake huchukuliwa mpaka ziwani. Mkulima mmoja hupoteza kidogo tu. Wakulima maelfu hulilisha ziwa zima.

Mwezi wa Agosti 2014 sumu itokayo katika ukoga huo iliingia katika maji ya bomba ya Toledo. Kwa siku tatu watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wasiyanywe. Tena waliambiwa wasiyachemshe, kwa maana kuchemsha huua vijidudu vya maradhi, lakini sumu hii haifi kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, sumu huzidi ukali. Watu wanaoishi kando ya mojawapo ya maziwa makubwa duniani walipanga foleni kungojea maji ya chupa.

Hilo ndilo somo la tatu, nalo ni kubwa kuliko yale mawili: kisiwa hakitunziki peke yake. Mlinzi wa hifadhi aweza kuwa hodari namna gani, lakini usalama wa ufuko wake umo mikononi mwa mkulima aliye maili mia kutoka ziwani, ambaye pengine hajapata kukiona kisiwa hicho maishani mwake.

NA SISI JE?

Ziwa Victoria nalo lina visiwa vilivyotengwa. Kisiwa cha Ndere, katika Ghuba ya Winam, kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1986. Rubondo katika Tanzania kilitangulia, mwaka 1977. Ziwa letu nalo lina mipaka ndani yake, na katika mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilipatana kuunda chama kimoja cha kuangalia uvuvi wake. Nasi pia tumeletewa mgeni asiyealikwa: gugu-maji, lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likafunga bandari na kunasa mashua. Na mito yetu, Nzoia, Yala, Nyando na Sondu, hupita mashambani kabla ya kufika ziwani, kama Maumee.

Kwa hiyo mwenye shamba mlimani asiseme, “Ziwa ni shauri la wavuvi.” Akilima kwa kufuata makinga-maji, akapanda majani ukingoni mwa mto, akatia mbolea kwa kipimo alichoshauriwa na bwana shamba wala si siku mawingu yanapotanda, amelitunza ziwa bila kutoka kwake. Mwenye nyumba mjini akichimba choo mbali na kijito, naye amelitunza. Wahenga walisema, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Watu wa Ziwa Erie wamejenga ukuta kwa gharama kubwa, na hata sasa hawajaumaliza. Sisi bado tunao ufa wa kuziba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini upande wa magharibi wa Ziwa Erie huchafuka upesi kuliko sehemu nyingine?
2. Hifadhi ya jimbo na hifadhi ya taifa zatofautianaje?
3. Ni mambo gani yaliyofanywa hata nyoka wa maji akaongezeka?
4. Kwa nini watu wa Toledo walikatazwa kuyachemsha maji yao mwaka 2014?
5. Taja mto ulio karibu na kwenu. Huenda wapi, na ni kitu gani huchukua kutoka katika shamba lako?